Shajara ya mradi: kadi ya michoro kwa kompyuta ya mtumba

Siku ya 1

Kompyuta iko mezani. Prosesa ni Core i5-8400, RAM ni GB 8, SSD ya GB 240, pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, na kasha jembamba. Ni mtumba wa ofisini. Hadi leo picha zote imekuwa ikizichora kwa michoro iliyomo ndani ya prosesa, ile UHD 630. Kwa barua na majedwali haina neno. Kwa gemu ni kumtuma kobe kwa haraka. Gemu ya mpira inakwenda, ila nimeshusha mipangilio mpaka wachezaji hawana sura. Ya mbio za magari inakwama hata kwenye menyu.

Lengo: kadi itakayonipa fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde katika 1080p, ukubwa wa skrini yangu, mipangilio ya kati au ya juu, bila kugusa sehemu nyingine za kompyuta. Fedha niliyotenga nitaiita 100, na kila bei nitakayokutana nayo nitaiandika kwa kipimo hicho. Bei hupanda na kushuka, mfuko wangu ni ule ule. Kuna fungu jingine dogo nimeliweka kando kwa ajili ya kiti, kwa sababu stuli hii inaniua mgongo. Hilo haliguswi.

Siku ya 2

Jioni nzima nimetazama video za majaribio ya kadi. Kosa. Kila mwenye video anakwambia ongeza kidogo tu upate ile ya juu yake. Ukifika kwa ile, ongeza kidogo tena. Saa sita usiku nikajikuta nalinganisha kadi za 260. Nimezima nikalala.

Siku ya 3

Leo nimeanzia kwingine: kwenye monita. Yangu ni ya inchi 24, 1920 kwa 1080, 75 Hz. Hiyo ni pikseli 2,073,600 kwa kila fremu. Monita ya 1440p ina 3,686,400, na ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne ya yangu. Kwa hiyo nusu ya majedwali niliyoyakodolea macho jana hayanihusu kabisa. Kadi inayoitwa dhaifu kwa sababu imeshindwa 4K huenda kwangu ikapumzika.

Na 75 Hz maana yake monita inabadilisha picha mara 75 kwa sekunde, basi. Wachezaji wa gemu za kupigana risasi watasema fremu za ziada hupunguza ucheleweshaji kati ya kidole na skrini, na ni kweli. Mimi mchezo wangu ni wa mbio na wa kutembea porini nikichuma majani. Kulipia fremu 140 hapa ni kununua maji ya kumwagia mto.

Siku ya 4

Nimefungua kasha. Hii ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza.

Pawasaplai ina stika yenye namba kubwa: 450W. Nilifurahi kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka rafiki yangu fundi aliponiambia kwa simu, "Bwana, usisome namba kubwa, soma laini ya 12." Laini ya volti 12 imeandikwa ampea 25. Zidisha: wati 300. Kadi ya michoro na prosesa zote mbili hunywa kutoka laini hiyo. Wati nyingine kwenye ile 450 ziko kwenye laini za volti 5 na 3.3, ambako kadi haina kazi nazo.

Nikapiga hesabu. Prosesa yangu imeandikwa 65W, lakini ikikaza mbio huvuka hapo, kwa hiyo niliipa 100. Feni na diski, 20. Zinabaki 180, na pawasaplai ya umri huu siwezi kuikamua mpaka tone la mwisho. Nimeweka mpaka: kadi isizidi 150W.

Mengine niliyoyakuta humo ndani: waya mmoja tu wa kadi, wa pini 6 unaoongezwa 2 kuwa 8. Soketi ya PCIe yenyewe, pale kadi inapochomekwa, hutoa hadi 75W, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizimba cha diski kuna sentimita 25 na nusu, kwa hiyo kadi za feni tatu zimejitoa zenyewe. Ubao mama ni wa PCIe 3.0. Hili nililiandika bila kujua umuhimu wake.

Fundi akamalizia, "Kadi haichaguliwi dukani, inachaguliwa ndani ya kasha." Nikamwambia hiyo sentensi nitaiiba. Nimeiiba.

Siku ya 5

Mchujo wa kwanza kwa wati pekee. RTX 3060 ni 170W, nje. RTX 2060 ni 160W, nje kwa huzuni. Arc B580 ya Intel, ya Desemba 2024, ina GB 12 za kumbukumbu na sifa nyingi, lakini ni 190W. Nduguye A750 ni 225W. Hata kama ningekuwa na umeme wa kutosha, kadi za Arc zinategemea sana ile Resizable BAR, yaani uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na Intel wenyewe hupendekeza prosesa za kizazi cha 10 kwenda juu. Yangu ni ya 8.

Waliobaki: GTX 1650 (75W), GTX 1660 Super (125W), RTX 3050, RX 6500 XT (107W), RX 6600 (132W).

Siku ya 7

Siku mbili zimepotea kwenye majina, na nimekasirika kidogo.

Nilidhani jina la kadi ni jina la kadi. Kumbe chini ya jina moja wanaishi ndugu wasiofanana. Chukua RTX 3050. Ile ya Januari 2022 ina GB 8, njia ya kumbukumbu (upana wa kupitishia data) ya biti 128, na hula 130W. Mwaka 2024 ikatoka nyingine yenye jina hilohilo, GB 6, njia ya biti 96, 70W, na ndani yake viini vya kuchakata vimepunguzwa kutoka 2560 hadi 2304. Si kadi mbaya. Kwa mtu mwenye pawasaplai isiyo na waya wa ziada inaweza kuwa mkombozi, kwa sababu umeme wa soketi unaitosha. Ila ni kadi nyingine. Matokeo ya majaribio ya ile ya kwanza hayawezi kutumika kuinunua ya pili.

RTX 3060 nayo iko ya GB 12 na ya GB 8, na hiyo ya GB 8 imepunguziwa pia njia ya kumbukumbu, kutoka biti 192 hadi 128. GTX 1060 ya GB 3 haikutofautiana na ya GB 6 kwa kumbukumbu tu, bali na viini pia: 1152 dhidi ya 1280. Mbaya kuliko zote ni GT 1030. Iko yenye kumbukumbu ya GDDR5 na iko yenye DDR4 ya kawaida, na hiyo ya pili husafirisha data takriban theluthi moja tu ya mwenzake. Boksi zinafanana.

Tangu leo siandiki jina la kadi peke yake kwenye jedwali langu. Naandika jina, GB, aina ya kumbukumbu, upana wa njia. Muuzaji asiponijibu hayo manne, namshukuru na kuondoka.

Siku ya 8

Sasa nimeelewa kwa nini PCIe 3.0 ilistahili kuandikwa.

RX 6500 XT ilinivutia kwa sababu ni mpya kiasi, ya Januari 2022, na bei yake ni 55. Lakini inaongea na ubao mama kwa njia 4 tu. Kwenye PCIe 4.0 njia 4 hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde, kwenye 3.0, kama yangu, ni karibu GB 4. Hilo lisingekuwa tatizo kama kadi ingekuwa na kumbukumbu ya kutosha, lakini ina GB 4. Gemu ya kisasa ikiijaza hiyo, kinachozidi kinahifadhiwa kwenye RAM ya kompyuta na kuvutwa kila kinapohitajika. Ni kuwa na tangi dogo jikoni halafu bomba la kulijazia nalo liwe jembamba kama mrija wa soda. Juu ya hayo haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo kurekodi mchezo kunamwangukia prosesa. Imetoka.

RX 6600 inatumia njia 8. Kwenye ubao wangu hiyo ni kama GB 8 kwa sekunde, na tangi lake ni GB 8, kwa hiyo hulifuata bomba mara chache. Hasara ipo, ila ndogo.

Siku ya 9

Fupi: GTX 1650 na 1660 Super hazina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga. Nilidhani hilo ni pambo la matajiri. Kumbe kuna gemu zinazokataa kabisa kuanza bila vifaa hivyo. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ni mojawapo, na Doom: The Dark Ages ya 2025 ni nyingine. Bado ni chache. Nimeweka alama ya swali kwenye jedwali, sijazifuta.

Siku ya 11

Nimevunja sheria yangu mwenyewe, na ninaandika hapa ili nione aibu kila nikifungua ukurasa huu.

Mtu alikuwa anauza RX 580 ya GB 8 kwa 42. Ile kadi ni ya 2017, viini 2304, njia ya biti 256, na kwa 1080p ilikuwa mfalme wa wenye mfuko mdogo. Ni 185W. Mpaka wangu ni 150. Niliujua mpaka huo, niliuandika hapa juu kwa mkono wangu. Lakini 42! Nikajiambia nitaipunguzia umeme kwa programu. Nikalipa bila kuiona ikiwaka, kwa sababu alisema ana haraka.

Nyumbani, dakika ya nane ya gemu ya mbio, kompyuta ikazima ghafla kama taa. Ikawaka, ikazima tena.

Siku ya 12

Nikiwa bado natafuta namna ya kuipunguzia umeme, nikafungua GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi. Mahali pa viini: 2048. Siyo 2304. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna toleo la RX 580 linaloitwa 2048SP, ambalo kwa ndani ni RX 570 iliyovishwa jina la dada yake. Tangazo halikutaja 2048SP popote.

Nikampigia. "Kaka, kadi ni kadi, si inawaka?" Nikamwambia inawaka dakika nane. Tumevutana nusu saa. Mwishowe akakubali kuichukua, akarudisha 36. Hiyo 6 imekwenda.

Kusema haki, sehemu ya umeme ni kosa langu. Sehemu ya jina ni lake.

Siku ya 15

Nimerudi kwenye jedwali, nimetulia. Nilikuwa nagawanya bei kwa fremu ili kupata kadi yenye thamani zaidi, na kila mara GTX 1650 ya mtumba ilikuwa inashinda au inakaribia. Ilinichukua muda kuona tatizo. Mgawanyo huu hupenda vitu vya bei ndogo. Kadi inayotoa fremu 35 kwa bei ya kutupa itaonekana mshindi, na mimi nitabaki na fremu 35. Kwa hiyo kwanza kizingiti, ndipo ugawanye: kadi isiyofika 60 kwenye gemu ninazocheza haiingii kwenye hesabu, hata ikitolewa bure.

Kwa utaratibu huo wamebaki wawili. GTX 1660 Super, GB 6, mtumba wa 62. RX 6600, GB 8, mtumba wa 88. Ya kwanza inafika 60 leo kwa kujikaza, ya pili inafika na kubakiza pumzi. Ya pili pia ina vifaa vya miale. Kwa kadi ya daraja hili si vya kuringia, lakini mlango hautafungwa usoni.

Wapo watakaosema chukua ya 62, weka 38 akiba. Nimelala na wazo hilo siku tatu. Kilichoamua ni GB 6 dhidi ya GB 8. Mipangilio mingine yote ya gemu naweza kuishusha nisione tofauti, ila ubora wa tekscha (picha zinazovishwa kuta, majani na nyuso) nauona hata kwa jicho moja, na tekscha ndizo zinazokula kumbukumbu ya kadi.

Siku ya 21

Safari hii nilikwenda kuitazama RX 6600 na masharti: naiona ikiwaka, au siji.

Nilichofanya kabla ya kutoa fedha. Nilinusa kadi, harufu ya kuungua haifichiki. Nilizungusha feni kwa kidole kusikia kama inakwaruza. Nilitazama skrubu za nyuma kama zimekwanguliwa, dalili ya kufunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. GPU-Z: viini 1792, GB 8 za GDDR6, biti 128. Sawasawa na inavyotakiwa. Kisha jaribio zito la dakika 20 huku nikitazama joto: chipu ilitulia kwenye nyuzi 69, sehemu yake yenye moto zaidi 85. Kwa kadi hii mwisho wa sehemu hiyo ni 110, kwa hiyo kuna nafasi. Hakuna nukta za rangi, hakuna mistari.

Nikamuuliza muuzaji kama ilichimba sarafu za kidijitali. Akasema ndiyo, miezi michache, mpaka Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Nilimheshimu kwa kusema kweli. Watu huzikimbia kadi hizi kama ugonjwa. Mimi naona kinachochoka zaidi ni feni na pasta ya kupitisha joto, na vyote viwili nilikuwa nimevipima. Mchimbaji mwangalifu hushusha umeme wa kadi. Mchezaji asiye mwangalifu huiacha kwenye kasha lililojaa vumbi miaka minne. Nikalipa 88.

Siku ya 22

Imekaa. Sentimita 20, nafasi ya kutosha. Nilifuta draiva za zamani kwanza kwa DDU, programu ya kuzisafisha kabisa, nikiwa kwenye hali salama ya Windows, kisha nikaweka mpya.

Robo saa nzima gemu ilikwenda kama zamani na nikaanza kutukana moyoni. Waya wa monita nilikuwa nimeuchomeka kwenye ubao mama, si kwenye kadi. Tuendelee.

Siku ya 23

Wastani wa gemu ya mbio: fremu 81, mipangilio ya juu. Ningepaswa kusherehekea. Lakini kila baada ya sekunde chache picha inashtuka, kama gari linalopita kwenye tuta. Nikaweka vipimo kwenye kona ya skrini: kadi inafanya kazi asilimia 60 tu, prosesa iko juu, na RAM imejaa GB 7.6 kati ya 8.

Nikafungua kasha tena. RAM ni kijiti kimoja. Kijiti kimoja cha DDR4-2666 hupitisha karibu GB 21 kwa sekunde, viwili kwenye soketi sahihi hupitisha mara mbili yake. Kadi ilikuwa inamsubiri prosesa, naye anaisubiri RAM. Kwenye mpango wa siku ya kwanza niliandika "bila kugusa sehemu nyingine". Naam.

Siku ya 26

Kijiti cha pili cha GB 8, mtumba, 9. Soketi ya pili na ya nne, kama kitabu cha ubao mama kinavyosema. Mishtuko imekwisha. Wastani umepanda hadi 94, lakini siyo huo ninaoushangilia. Fremu za chini kabisa, zile asilimia moja mbaya zaidi, zimetoka 38 hadi 66. Macho huona hizo, hayaoni wastani.

Siku ya 28

Marekebisho madogo. Nimefunga fremu kwenye 72, chini kidogo ya 75, ili FreeSync ya monita, inayolinganisha kasi ya skrini na fremu za kadi, iendelee kufanya kazi. Kadi imetulia, feni haisikiki, na joto limeshuka hadi nyuzi 61. Nimeshusha pia volti kidogo kidogo, kila hatua nikicheza saa nzima. Hatua ya nne ilianguka, nimerudi kwenye ya tatu.

FSR, njia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, nimeijaribu kwenye ile gemu ya porini. Katika kiwango cha ubora, kadi inachora 1280 kwa 720 halafu inakuza hadi 1080p. Majani yanatetemeka kidogo kwa mbali, lakini inavumilika. Katika kiwango cha kasi inachora 960 kwa 540, na hapo miti yote inakuwa supu. Wanaosifia kiwango hicho wana monita za 4K, ambako kinaanza na picha ya 1080p kamili. Kwetu sisi wa 1080p, kiwango cha ubora au uache.

Siku ya 31

Hesabu ya mwisho. Kadi 88, RAM 9, hasara ya ile 580 ni 6. Jumla 103. Imezidi kwa 3, na hizo 3 zimetoka kwenye fungu la kiti.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye stuli. Gemu inapakia.